Abdul-Rahman al-Sufi, Aliyechora Kila Kundi la Nyota Mara Mbili



Ndugu zangu wanafunzi, kila toleo la jarida letu huwa na ukurasa wa kumkumbuka mmoja wa wanazuoni waliotutangulia. Safari hii zamu ni yangu. Nimemchagua mtu wa elimu ya falaki, ingawa mimi ninasoma masomo ya Kiislamu na sina darubini wala hesabu za kutosha za kumfuata kila alipokwenda. Nimemchagua kwa sababu muhula huu wengi wetu wa mwaka wa mwisho tunaandika tasnifu, na huyu mzee ana jambo la kutufundisha ambalo halimo katika mwongozo tuliopewa wa kuandika tasnifu: namna ya kuweka mchoro katika maandishi ya elimu.

Mara nyingi sisi tunaufanya mchoro kuwa pambo. Maandishi yakishakamilika, ndipo mtu anatafuta ramani ya kubandika ili kurasa zisionekane kavu. Nimepitia tasnifu kadhaa zilizowekwa maktabani na kukuta ramani isiyoonyesha kaskazini ni wapi, jedwali lisilo na namba, na maandishi yanayomwambia msomaji atazame mchoro wa hapo chini wakati hapo chini pana michoro mitatu. Msomaji anabaki akikisia. Al-Sufi aliishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na alikataa kabisa kumwacha msomaji wake akisie.

Kutoka Rayy hadi Shiraz

Jina lake ni Abul-Husayn Abdul-Rahman ibn Umar al-Sufi al-Razi. Alizaliwa mwaka 291 Hijria, sawa na 903 Miladia, katika mji wa Rayy. Mji huo ulikuwa karibu na mahali ilipo Tehran ya leo, na ndio ule ule aliotoka tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi. Alifariki mwaka 376 Hijria, yaani 986, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi.

Zama zake zilikuwa zama za ukhalifa wa Bani Abbas, lakini nguvu ya utawala katika sehemu kubwa ya Uajemi na Iraq ilikuwa mikononi mwa Bani Buwayh. Mtawala wao aliyekuwa na nguvu kuliko wote ni Adud al-Dawla, na ndiye aliyemweka al-Sufi karibu naye. Ibn al-Qifti, mwandishi wa habari za wenye hekima, anasimulia kwamba Adud al-Dawla alikuwa akijifakhari kwa walimu wake. Katika nahau mwalimu wake alikuwa Abu Ali al-Farisi, na sisi tunaosoma Kiarabu tunalijua vizuri jina hilo. Katika kuzijua nyota na mahali pake mwalimu wake alikuwa Abdul-Rahman al-Sufi.

Haikuwa kazi ya kukaa barazani kwa mtawala na kula vinono. Miaka ya 969 na 970, huko Shiraz, al-Sufi aliongoza vipimo vya mwinamo wa njia ya jua kwa kutumia duara kubwa la kupimia. Aliandika kitabu cha kutumia usturlabu, chombo ambacho kwacho watu walijua saa, nyakati za Swala na mambo mengine mengi. Alitengeneza pia tufe la fedha lenye nyota za mbinguni kwa ajili ya Adud al-Dawla. Tufe hilo lilikuja kuonekana Cairo, katika maktaba, mwaka 435 Hijria, karibu miaka sitini baada ya kufa kwake.

Lakini kilicholifanya jina lake lidumu ni kitabu kimoja, Suwar al-Kawakib al-Thabita, yaani picha za nyota zisizohama. Alikimaliza mnamo mwaka 964, naye ana umri wa miaka kama sitini.

Kasoro aliyoikuta

Kabla ya kuandika, al-Sufi alitazama waliomtangulia wamefanya nini, kama sisi tunavyotakiwa kufanya katika sura ya pili ya tasnifu. Akawakuta watu wa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya wanafalaki waliomfuata Ptolemy, ambaye Waarabu walimwita Batlamyus, mtaalamu wa Kigiriki wa Alexandria aliyeishi karne ya 2 Miladia. Katika kitabu chake kinachojulikana kwa Kiarabu kama al-Majisti, Batlamyus aliorodhesha zaidi ya nyota 1,000 katika makundi 48. Watu wa njia hii walikuwa na majedwali na walikuwa na matufe yenye picha nzuri. Tatizo lao ni kwamba wengi walinakili kutoka kitabu hadi tufe na kutoka tufe hadi kitabu, bila kutoka nje usiku na kuinua macho. Kosa la mnakili mmoja likawa nyota mpya juu ya tufe la mwingine.

Njia ya pili ilikuwa ya Waarabu wenyewe, watu wa jangwani waliozijua nyota kwa majina yao wenyewe na kwa misimu ya mvua. Elimu hiyo ilikusanywa na wajuzi wa lugha katika vitabu. Aliyemsifu zaidi kati yao ni Abu Hanifa al-Dinawari, ambaye si yule Imamu wa fiqhi, bali ni mwanachuoni wa karne ya 3 Hijria aliyeandika pia kuhusu mimea. Mwaka 335 Hijria al-Sufi alifika mji wa Dinawar na kuiona nyumba ambayo Abu Hanifa huyo alikuwa akitazamia nyota. Hata hivyo alimwona kuwa ni mtu aliyezijua habari za nyota kutokana na mashairi na mapokezi kuliko kwa kuzitazama.

Basi watu wa kwanza walikuwa na picha bila mbingu, na wa pili walikuwa na majina bila picha. Mtu akisikia jina la Kiarabu la nyota hakuweza kuwa na uhakika kwamba ndiyo ile iliyoandikwa na Batlamyus. Al-Sufi akaamua kuwakutanisha.

Mpango wa kitabu

Makundi yote 48 yamo: 21 ya kaskazini, 12 ya buruji ambamo jua hupita, na 15 ya kusini. Kila kundi limeandikwa kwa utaratibu ule ule mmoja. Kwanza kuna maelezo ya nyota moja moja: iko wapi, inang'aa kiasi gani, na kama Batlamyus amekosea, al-Sufi anasema amekosea wapi. Kisha yanafuata majina ambayo Waarabu walizipa nyota hizo. Kisha inafuata michoro. Mwisho kuna jedwali lenye namba ya nyota, longitudo yake, latitudo yake na daraja ya mwangaza wake, kuanzia ya kwanza kwa zinazong'aa sana hadi ya sita kwa zile zinazoonekana kwa shida.

Sasa tazameni alivyounganisha sehemu hizi. Kila nyota katika mchoro imeandikiwa namba kwa herufi za abjadi, na namba hiyo ndiyo iliyopo katika jedwali. Msomaji akiona nyota kwenye bega la mtu aliyechorwa, anasoma herufi yake, anakwenda kwenye jedwali, anakuta vipimo vyake. Akitoka kwenye jedwali anarudi kwenye mchoro kwa njia ile ile. Tena Batlamyus alikuwa amezitenga nyota zilizo ndani ya umbo na zile zilizo pembeni yake, nje ya umbo. Al-Sufi aliulinda utengano huo, na katika nakala nyingi za kitabu chake nyota za ndani zimetiwa rangi moja na za nje rangi nyingine. Rangi hapo haikuwekwa ili ipendeze. Ina kazi ya kusema jambo.

Najua baadhi yenu mtauliza kuhusu hukumu ya kuchora watu na wanyama. Wanazuoni wana maelezo yao katika mlango huo, na walimu wetu wa fiqhi wanafaa kuulizwa kuliko mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba maumbo hayo yalirithiwa kutoka kwa Wagiriki, na katika kitabu hiki kazi yake ni kumwonyesha msomaji nyota iko mahali gani.

Kwa nini mara mbili

Hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya nimpende mtu huyu. Kila kundi la nyota amelichora mara mbili. Mchoro mmoja unaonyesha kundi kama linavyoonekana mbinguni, na wa pili unalionyesha kama linavyoonekana juu ya tufe. Juu ya kila mmoja ameandika ni upi.

Kwa nini ajipe kazi maradufu, michoro karibu mia moja badala ya 48, katika zama ambazo kila mstari huchorwa kwa mkono? Sababu ni mahali anaposimama mtazamaji. Sisi tunaitazama mbingu tukiwa ndani yake, kama mtu aliyekaa ndani ya kuba la msikiti na kutazama juu. Lakini tufe tunalitazama tukiwa nje yake, kama mtu aliyepanda juu ya paa akalitazama lile kuba kwa nje. Ukibadilisha mahali pa kusimama, kulia kunakuwa kushoto. Mfano wake ni maandishi kwenye kioo cha mlango wa duka: ukiingia ndani na kugeuka, unayasoma kinyumenyume.

Batlamyus alikuwa amezieleza nyota kwa viungo vya mwili, kama bega la kulia au mguu wa kushoto. Mwanafunzi akichukua mchoro wa tufe na kutoka nao nje usiku, ataitafuta nyota upande ambao haupo. Fundi wa matufe naye akichukua mchoro wa mbingu na kuuchonga kwenye shaba, atatoa tufe lililogeuzwa. Wote wawili watakuwa wamefuata mchoro kwa uaminifu, na wote wawili watakuwa wamepotea. Mchoro mmoja usio na maelezo ungewapotosha nusu ya wasomaji wake, na wasingejua.

Al-Sufi alilijua hilo, ndiyo maana akatoa mchoro kwa kila msomaji na akauandikia jina. Mimi naona hiyo ni amana. Katika somo letu la hadithi tunafundishwa kwamba shahidi haulizwi alichokiona tu, anaulizwa pia alikuwa wapi, na alikiona mwenyewe au aliambiwa. Mchoro ni shahidi. Ukiuweka katika tasnifu yako bila kusema umetazamwa kutoka wapi na umetoka kwa nani, umeleta shahidi asiyejulikana.

Alichokipokea na alichokiona mwenyewe

Kwa mahali pa nyota, al-Sufi hakupima upya zote. Alizichukua longitudo za Batlamyus na kuziongezea zote nyuzi 12 na dakika 42, kwa sababu nyota husogea polepole mno kadiri karne zinavyopita. Hesabu aliyoitumia ni uzi mmoja kwa kila miaka 66. Leo inajulikana kuwa ni takriban miaka 72. Lakini aliyaandika hayo wazi katika kitabu chake, kwa hiyo aliyekuja baadaye aliweza kuiondoa nyongeza na kuanza upya. Mwangaza wa nyota, kwa upande mwingine, aliutazama kwa macho yake, nyota kwa nyota, na akayabadilisha madaraja pale alipoona hayalingani na mbingu. Vitu viwili katika jedwali moja, kimoja cha kupokea na kimoja cha kushuhudia, na msomaji anajua kipi ni kipi.

Al-Biruni naye ametuachia habari nyingine, akiipokea kutoka kwa al-Sijzi, kwamba al-Sufi alimweleza al-Sijzi jinsi alivyofanya: aliweka karatasi nyembamba juu ya tufe, akafuatisha maumbo na nyota, kisha akailinganisha karatasi hiyo na mbingu. Al-Biruni hakuipokea kimya kimya. Alisema njia hiyo inakaribia usahihi kwa kundi dogo, lakini kwa kundi kubwa inakuwa mbali nao, kwa sababu karatasi bapa haiwezi kulalia kitu cha mviringo bila kujikunja. Ndivyo wakubwa wetu walivyoheshimiana: walisomana, na walisahihishana.

Kuna mfano mmoja zaidi. Katika kundi la al-Mar'a al-Musalsala, linaloitwa Andromeda, al-Sufi alitaja doa dogo kama wingu karibu na mdomo wa samaki mkubwa ambaye Waarabu walimwona mahali hapo. Alilionyesha kwenye mchoro kwa vidoa. Hakujua ni kitu gani, na hakukuwa na chombo cha kumwambia. Leo tunajua kwamba lile ni galaksi nzima, iliyo umbali wa takriban miaka milioni mbili na nusu ya mwendo wa nuru. Huko Ulaya ilitazamwa kwa darubini na Simon Marius mwaka 1612. Al-Sufi angeweza kuliacha doa lile ili mchoro wake uwe safi, maana halikufanana na nyota nyingine. Aliliweka kwa sababu lilikuwepo.

Mikononi mwa wanakili

Kitabu hiki kilinakiliwa kwa mikono kwa mamia ya miaka. Nasir al-Din al-Tusi alikitafsiri kwa Kifarsi katika karne ya 13. Ulugh Beg, mtawala mwanafalaki wa Samarkand, alikuwa na nakala yake katika karne ya 15, na sasa iko Paris. Katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford ipo nakala yenye tarehe ya mwaka 400 Hijria, ambayo ndani yake imetajwa kuwa ilinakiliwa na mwana wa al-Sufi, ingawa watafiti wa siku hizi wanajadiliana kuhusu tarehe hiyo.

Ukizilinganisha picha za nakala mbalimbali unaona mavazi yakibadilika. Kila mchoraji aliwavika watu wake nguo za zama zake na nchi yake. Vilemba vinabadilika, mikanda inabadilika, hata sura zinabadilika. Mchoraji hodari alipenda kuonyesha uhodari wake. Hatari ilikuwa nyota zenyewe kusogezwa ili picha ipendeze. Dhidi ya hatari hiyo al-Sufi alikuwa ameweka walinzi watatu. Nyota ikihama katika mchoro, jedwali litaisuta. Tarakimu ikikosewa katika jedwali, maelezo yatalisuta. Watu wa hadithi wanaiita kazi hii muqabala, kuikabilisha nakala na asili yake, ingawa hapa asili na nakala zimefungwa katika kitabu kimoja.

Kwetu sisi tunaoandika

Naona mambo manne ya kuchukua kwa mzee huyu. Kwanza, mpe kila mchoro na kila jedwali namba, na uitaje namba hiyo katika maandishi, ili msomaji aende na kurudi bila kupotea. Pili, andika chini ya mchoro unaonyesha nini na umetazamwa kutoka wapi. Kama ni ramani, weka kaskazini na kipimo. Tatu, sema kama umeuchora mwenyewe, umeunakili, au umeunakili na kuubadilisha. Nne, kama rangi au alama ina maana, ieleze, na kama haina maana, iondoe.

Haya yanatuhusu hata sisi tusiosoma sayansi. Mwenzetu anayechora mti wa isnadi ana haki ya kuulizwa mishale yake inatoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi au kinyume chake. Anayeandika kuhusu mirathi na kuweka jedwali la mafungu anatakiwa aeleze marehemu ameacha nani. Mshale ukigeuka, mwanafunzi anakuwa mwalimu wa mwalimu wake. Jedwali likikosewa, yatima anapunjwa haki yake, hata kama ni kwenye karatasi.

Usiku ukiwa hauna mawingu, hapa kwetu Afrika Mashariki tunaziona nyota nyingi za kusini ambazo al-Sufi hakuzifikia kutoka Shiraz. Suhayl, ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua kwa jina la Suheli, kwake ilikuwa chini kabisa, karibu na upeo. Kwetu inapanda juu. Mwaka huu wa masomo ukimalizika, tokeni nje muitazame, na mkumbuke kwamba yupo shimo kubwa juu ya mwezi lililopewa jina la mtu huyu, Azophi, kama Wazungu walivyolitamka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdul-Rahman al-Sufi, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na atujaalie tuandike yale tunayoweza kuyatolea ushahidi mbele Yake. Amin.